Unga wa kutuliza wasiwasi, sahani ya omena na kodi ya tarehe 5

Mara ya kwanza ilinipata ndani ya matatu ya 46, tumekwama kwenye foleni karibu na Yaya. Moyo ulianza kudunda kama mtu anayekimbizwa. Viganja vikaloa jasho, pumzi ikawa fupi, vidole vikaingia ganzi. Nilijua tu nakufa. Nikamwambia konda anishushe. Akaniangalia kutoka juu hadi chini, akauliza, "Buda, uko sawa?" Nikashuka, nikakaa kando ya barabara, na baada ya dakika kumi hivi yote yakapita. Nauli ikaenda na matatu.

Nilikuwa na miaka 22. Chuo nilikuwa nimekiacha mwaka uliotangulia, karo ilipogoma kupatikana. Nilikuwa nimehamia chumba cha mabati Kawangware, upande wa 56, mama akabaki Kibera, Makina, tulikokulia. Usiku nilikuwa naandikia watu makala za mtandaoni kwa malipo ya kubahatisha, mchana nalala nusu usingizi.

Ukisimulia mambo kama hayo mtaani utapata jibu moja kati ya matatu. Omba. Kunywa maji. Ama, "Wacha kufikiria sana, wewe bado mdogo." Jibu la nne limeletwa na simu: nunua kitu. Siku hizi ukitafuta neno wasiwasi kwenye TikTok, kabla hujamaliza video ya tatu utakuwa umeonyeshwa unga wa mlonge, ashwagandha kutoka India, vidonge vya magnesiamu na chai ya kuongeza serotonini. Vyote ni vya asili, eti havina madhara. Mimi nilinunua mkebe mmoja kwa 2,500. Kodi yangu wakati huo ilikuwa 3,500 kwa mwezi, kwa hiyo unaweza kupiga hesabu mwenyewe jinsi nilivyokuwa na hofu.

Sikuandika haya kuwacheka wanaonunua. Nataka tuulize pamoja: je, chakula kinaweza kweli kutuliza wasiwasi kwa kugusa kemikali za ubongo? Na kama kinaweza, kinafika wapi?

Kwanza tukubaliane kwamba wasiwasi huu si wa kujitakia. Matokeo ya utafiti wa kitaifa kuhusu afya ya akili ya vijana wa miaka 10 hadi 17, ulioongozwa hapa nchini na kituo cha APHRC, yalitolewa mwaka wa 2022. Takriban 44 kati ya kila 100 walikuwa wamepitia tatizo fulani la afya ya akili katika miezi 12 iliyotangulia, na wasiwasi ulikuwa miongoni mwa matatizo yaliyoongoza. Miaka miwili kabla yake, jopo lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilikuwa limependekeza serikali itangaze afya ya akili kuwa janga la kitaifa. Tangu hapo tumeona nini? Ushuru wa VAT kwenye mafuta ulipanda kutoka asilimia 8 hadi 16 mwaka wa 2023. Mwaka wa 2024 wakataka kuutia hata kwenye mkate, wakauondoa baada ya kelele, kisha tukaingia barabarani Juni 25 na wenzetu wengine hawakurudi nyumbani. Halafu mtu aliyekaa kwenye studio yenye taa za rangi anakwambia tatizo lako ni serotonini.

Sasa hiyo serotonini. Chuo niliacha, kusoma sikuacha, na hili nililifuatilia kwa miezi.

Serotonini ni kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kupashana habari. Mwili huitengeneza kutokana na triptofani, kijenzi kimojawapo cha protini, ambacho unakipata kwenye mayai, maharagwe, njugu, samaki na maziwa. Mpaka hapo muuza unga hadanganyi. Shida inaanza hatua inayofuata. Karibu asilimia 90 ya serotonini ya mwili iko tumboni, kwenye utumbo, na hiyo haivuki kuingia ubongoni, kwa sababu kati ya damu na ubongo kuna ukuta unaochagua kipi kipite. Ndizi ina serotonini, ni kweli, lakini serotonini ya ndizi huishia tumboni. Triptofani yenyewe huvuka, ila inagombania mlango mmoja na vijenzi vingine vya protini, kama wasee wa saa kumi na mbili asubuhi wanaogombania matatu moja stejini. Kula mayai manne hakumaanishi utapata utulivu wa mayai manne.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawaligusi. Mwaka wa 2022 watafiti wa London wakiongozwa na Joanna Moncrieff walipitia tafiti nyingi za miaka mingi, wakasema hawakuona ushahidi thabiti kwamba sonona husababishwa na upungufu wa serotonini. Madaktari wengine walipinga vikali, wakisema dawa zinaweza kumsaidia mgonjwa hata kama yale maelezo rahisi ya zamani hayajakamilika. Mjadala huo unaendelea. Kwa hiyo kama daktari amekuandikia dawa, usiziache kwa sababu ya video, wala kwa sababu ya makala hii.

Basi chakula hakifanyi kitu? Hapana, kinafanya, ila si kwa njia ya mkato. Mwaka wa 2017 Felice Jacka na wenzake kule Australia walichukua watu 67 wenye sonona. Nusu walisaidiwa kubadilisha lishe, nusu wakapewa mtu wa kupiga naye gumzo. Baada ya wiki 12, asilimia 32 ya kundi la lishe walikuwa wamepata nafuu ya kutosha kuhesabiwa kuwa wametoka kwenye ugonjwa, dhidi ya asilimia 8 ya wale wengine. Ni utafiti mdogo, ulihusu sonona na si wasiwasi, na ni wa watu wenye friji. Lakini angalia walichokula: mboga, matunda, nafaka isiyokobolewa, maharagwe, njugu, samaki, mafuta ya zeituni. Ukitoa hayo mafuta, hiyo ni meza ya shosho yangu: githeri, managu, terere, omena, parachichi. Hakukuwa na mkebe wowote.

Omena nayo ina hadithi yake. Mafuta ya omega-3 yaliyo kwenye samaki ni sehemu ya ngozi za seli za ubongo, na uchambuzi wa majaribio 19 uliochapishwa mwaka wa 2018 ulionyesha kwamba yanapunguza dalili za wasiwasi. Ila manufaa yalionekana zaidi kwa waliokuwa wakipewa miligramu 2,000 au zaidi kila siku, kwa vidonge, na wengi wao walikuwa tayari wana ugonjwa fulani. Omena ya hamsini kutoka Gatwekera haikufikishi huko kwa mlo mmoja. Inakupa protini, chuma na vitamini B12 kwa bei ambayo nyama haiwezi, na kwa kijana anayekula mara moja kwa siku hilo si jambo dogo. Mimi sasa nakula mara mbili au tatu kwa wiki. Harufu majirani wameizoea.

Lakini kilichonisaidia kwa kweli hakikuwa kitu nilichoongeza. Ni nilichopunguza.

Baada ya mara ya tatu nilienda kituo cha afya cha umma, nikapanga foleni tangu saa moja. Nesi aliyenipokea, mama wa makamo, alinipima presha, akasikiliza moyo, kisha akauliza maswali ambayo hakuna mtu mtandaoni alikuwa ameniuliza. "Kijana wangu, leo umekula nini? Jana je? Unatafuna nini? Unalala saa ngapi?" Nikaanza kuhesabu, nikaona aibu. Asubuhi strungi yenye sukari nyingi, bila kitu. Saa nne jaba. Saa nane kinywaji cha kuongeza nguvu, cha mkebe. Jioni chipo na smokie. Usiku jaba tena ili kazi iishe.

Akanieleza polepole kama anayemfundisha mtoto. Ukinywa chai tupu ya sukari, sukari kwenye damu inapanda haraka kisha inashuka. Ikishuka sana na hakuna chakula, mwili hutoa adrenalini ili kuivuta sukari iliyohifadhiwa kwenye ini. Adrenalini hiyo ndiyo inayokutetemesha, kukutoa jasho na kuuharakisha moyo. Yaani njaa na hofu hutumia kengele moja. Kafeini nayo huziba mahali ambapo kemikali ya uchovu ingekaa, kwa hiyo mwili unabaki macho hata ukitaka kulala, na kwa mtu mwenye wasiwasi inaweza kuwasha kengele hiyo bila sababu. Halafu jaba. Kemikali yake kuu, kathinoni, ni ndugu wa karibu wa amfetamini. Inamwaga dopamini na noradrenalini. Unajisikia mkali, maneno yanatiririka, kisha saa tisa usiku umekodoa macho ukitazama mabati na kuwaza kila deni ulilonalo.

Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipiga marufuku muguka, mahakama ya Embu ikasimamisha marufuku hizo, na nchi ikaingia kwenye vita vya magavana na wakulima wa Mbeere. Nawaelewa wakulima, ndiyo shamba lao. Lakini katika kelele zote zile sikusikia mtu akimwambia kijana wa Kawangware kwamba ile "anxiety" yake ya usiku huenda ameinunua mwenyewe kwa shilingi mia, kwenye kibanda cha rangi ya kijani, ama ndani ya chupa ya jaba iliyosagwa na embe.

Na pombe? Inafanya kinyume kwa muda. Inaipa nguvu kemikali inayoitwa GABA, ambayo ni breki za ubongo, ndiyo maana glasi mbili zinakutuliza. Asubuhi ubongo umejirekebisha, breki zimelegea, na wasiwasi unarudi na riba.

Dadangu yeye hatafuni chochote wala hanywi, ila moyo ulikuwa unamdunda akipanda tu mlima mdogo wa kutoka mtoni hadi nyumbani. Mtaani wakasema ni mawazo ya mume. Kumbe damu ilikuwa chache. Upungufu wa chuma huleta uchovu, kizunguzungu na moyo kwenda mbio, na kwa wanawake wa umri wake ni jambo la kawaida. Alikuwa anakula sukuma na maharagwe sawasawa, lakini kila mlo anausindikiza na kikombe cha chai, na majani ya chai hushikilia chuma kisifyonzwe. Akaambiwa chai iondoke kwenye sahani angalau saa moja, mahali pake pakae ndimu au chungwa, na akapewa vidonge. Mume hajabadilika, lakini moyo umetulia.

Kwa hiyo ndiyo, chakula kina kazi. Lakini sitaki umalize hapa ukifikiri kwamba Kibera inahitaji tu kula managu.

Kuna homoni nyingine inayoitwa kotisoli. Mwili huitoa ukiwa kwenye shinikizo, na inaweza kupimwa kwenye mate. Kuanzia mwaka wa 2011, watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walifuatilia familia maskini za Rarieda, Siaya, zilizopewa pesa bila masharti na shirika la GiveDirectly. Walihesabu mifugo na mabati, lakini pia walichukua mate. Waliopewa pesa walieleza kwamba wana furaha zaidi na mawazo kidogo. Na wale waliopewa kiasi kikubwa, kotisoli yao ilishuka. Kiasi kidogo hakikuifanya ishuke.

Jaribio la pili lilifanyika hapa hapa Nairobi, kwa mafundi wa jua kali. Baadhi walipewa bima ya afya ya mwaka mmoja bure. Pesa mfukoni haikuongezeka kivile, ila walisema shinikizo limepungua, na mate yao yakathibitisha: kotisoli ilikuwa chini. Hebu fikiria. Hawakula kitu tofauti. Walijua tu kwamba mtoto akiugua usiku, pa kumpeleka papo.

Mimi nikisoma matokeo hayo nayaweka kando ya SHA. Tangu Oktoba 1, 2024, SHIF imechukua nafasi ya NHIF. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi, hata haoni ikitoka. Asiye na mshahara hukadiriwa mapato, kiwango cha chini kikiwa 300 kwa mwezi, ila analipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Hiyo ni 3,600 kwa mkupuo, kwa watu wanaonunua mafuta ya kupikia ya ishirini, sukari ya kumi na tokeni ya stima ya hamsini. Baadaye serikali ikaleta Lipa SHA Pole Pole, mkopo wa kulipia mchango kidogo kidogo. Yaani ili upate kitu kinachoshusha wasiwasi, unaingia kwenye deni. Anayepanga sera hizi hajawahi kuishi kwenye uchumi wa kadogo, na hilo si tusi, ni maelezo. Bima ile ile inayolipika kwa siku, kama tunavyolipia intaneti, ingefanya kazi kubwa kwa ubongo wa Laini Saba kuliko kontena zima la ashwagandha.

Kuna watu wanaosema suluhisho ni mazungumzo, na hawakosei. Dagoretti, ile ile yenye Kawangware yetu, ilikuwa uwanja wa jaribio lililochapishwa mwaka wa 2017. Wanawake 518, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili, na wahudumu wa afya ya jamii ambao si wataalamu wa akili. Nusu ya wanawake walipata vikao vitano tu vya kujifunza kupumua polepole, kutatua tatizo moja moja, kurudia shughuli walizoziacha na kutafuta watu wa kuwaegemea. Miezi mitatu baadaye msongo wao ulikuwa umepungua kuliko wa waliopata huduma ya kawaida. Halafu Haushofer huyo huyo na wenzake wakalinganisha vikao hivyo na pesa taslimu, vijijini Kenya. Mwaka mmoja baadaye pesa zilionyesha nafuu ya maisha na ya moyo. Vikao peke yake havikuonyesha tofauti. Wengine huutumia utafiti huu kusema mazungumzo ni bure. Mimi nauona tofauti: kikao kinakufundisha kuogelea, ila kama maji yanaendelea kujaa chumbani utachoka tu.

Kwa vijana wa shule kuna Shamiri, iliyoanzia majaribio yake kwa wanafunzi wa Kibera. Wanaoongoza vikundi ni vijana waliomaliza sekondari juzi tu, na wanachozungumza si magonjwa bali shukrani, mambo unayoyathamini na imani kwamba mtu anaweza kukua. Jaribio la wanafunzi 413, lililochapishwa mwaka wa 2021, lilionyesha dalili za wasiwasi na sonona zikishuka zaidi kuliko kwa kundi lililofundishwa mbinu za kusoma. Wiki nne, saa moja kwa wiki. Ningekuwa na kitu kama hicho kidato cha tatu, sijui.

Sasa unaniuliza mimi nafanya nini. Asubuhi nakula kabla ya chai, hata kama ni ndizi mbili na njugu za ishirini. Jaba nimeacha, nimeteleza mara mbili. Chai ya mwisho ni saa nane mchana. Ikinijia ndani ya matatu nahesabu pumzi, kuvuta kwa nne na kutoa kwa sita, kwa sababu kutoa pumzi polepole hupunguza mwendo wa moyo. Ushauri wa kutembea dakika 30 kila siku nimeuruka, nimetoka Kibera, tulikuwa tunatembea hadi Industrial Area na kurudi na bado tulikuwa na mawazo.

Ukitaka kununua unga wa mtu, muulize kama umesajiliwa na Pharmacy and Poisons Board, na kama unatumia dawa yoyote muulize daktari kwanza. Moyo ukidunda mara kwa mara, pimwa damu kabla ya kujiita mgonjwa wa wasiwasi. Na usiku ukiwa mzito kiasi kwamba unafikiria kutoendelea, piga 1199, laini ya Msalaba Mwekundu, haikati salio.

Mkebe wangu bado uko kwenye rafu, nusu. Wiki jana jirani aliuona akaniomba kijiko kimoja ajaribu, maana halali vizuri. Nikamuuliza amekula nini. Akasema hajala, anaweka ya keateka, kodi ni tarehe 5. Nilikuwa na ugali na omena imebaki kidogo. Tukaketi mlangoni tukala, na hesabu ya kodi tukaipiga pamoja kwenye kalkuleta ya simu yake. Alikuwa amepungukiwa na mia sita.